Mpwa wangu anapelekwa kijijini Quzhou, China, kusomea kilimo. Nani anapajua?

Mjomba wa Kimamba
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mawazo. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amepata udhamini wa shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Kilimo cha China. Tulifurahi wote tukijua anakwenda Beijing. Jana ananiambia Beijing ni masomo ya darasani tu, baada ya hapo anapelekwa wilaya inaitwa Quzhou, jimbo la Hebei, akaishi kijijini na wakulima. Dada hajalala. Anauliza mtu atokeje kijijini Kilosa, apande ndege, aende kuishi kijijini tena?

Hapa Kilosa Wachina wa mahindi tunawajua kidogo, maana chuo hichohicho kilianza mradi kijiji cha Peapea mwaka 2011, wakafundisha watu kupanda kwa mistari na kubananisha mashina. Lakini kwao kwenyewe sipajui. Ni nchi ya namna gani? Milima au tambarare? Mvua ipo? Wanalima nini, mashamba makubwa kiasi gani? Halafu kijana ni Muislamu, chakula je? Naomba mtu aliyepaona kwa macho yake, si kwa video za mtandaoni.

Mzigo wa Guangzhou
Mkuu, mimi China naijua kwa kufunga mzigo, Guangzhou na Yiwu. Hebei niliwahi kuagiza baiskeli za watoto kutoka wilaya ya Pingxiang. Nimeangalia ramani sasa hivi, Pingxiang na hiyo Quzhou ni majirani kabisa. Mwambie dada alale. China siku hizi hakuna kijiji, ni viwanda mwanzo mwisho. Kijana atarudi na kontena.

Binti Mgeta
Shikamoo mjomba. Mimi nimekaa Quzhou, programu hiyohiyo anayokwenda mpwa wako, na sasa niko Morogoro kwenye ugani. Nitaandika kirefu, kwa sababu nilipokuwa nakaribia kuondoka nami niliuliza watu, nikapewa habari za Ukuta Mkuu.

Kutoka Beijing unapanda treni ya mwendokasi kuelekea kusini hadi Handan, kama saa mbili. Handan ni mji wa chuma, na pia mji wa kale mno, ulikuwa makao makuu ya dola ya Zhao kabla China haijawa nchi moja. Hapo unachukua basi kwenda kaskazini-mashariki, saa moja hivi, umefika. Kiutawala Quzhou ni wilaya iliyo ndani ya mji wa Handan, kwa hiyo dada akiona barua imeandikwa mji, ajue kijana yuko katikati ya ngano.

Mimi nimezaliwa Mgeta, mteremkoni, ambako kiazi kikikuponyoka unakifuata bondeni. Quzhou hakuna mteremko. Hakuna hata kichuguu. Ni sehemu ya tambarare kubwa ya China ya kaskazini, tope lililoletwa na Mto Njano na mito inayoshuka milima ya Taihang kwa maelfu ya miaka. Uko mita thelathini na kitu tu juu ya usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 200. Milima iko magharibi ya Handan, lakini kwa ukungu na moshi wa kule, kijijini kwetu sikuwahi kuiona. Miezi ya kwanza nilikuwa napotea kati ya kijiji na kijiji kwa sababu kila upande ni uleule: barabara nyoofu, mstari wa miti, ngano, paa bapa za nyumba, miti tena.

Mvua ni milimita 500 na ushee kwa mwaka, yaani haitofautiani sana na Dodoma, na sehemu kubwa inashuka Julai hadi Septemba. Kwa mvua hiyo ya Dodoma wanavuna mara mbili. Kinachowabeba ni visima. Ngano inapandwa Oktoba, inachipua, baridi inaikamata, inalala bila kufa mpaka Machi. Kuanzia inapoamka hadi kuvunwa mbingu ni kavu, kwa hiyo wanamwagilia kwa pampu za umeme kwa zamu, mipira mirefu ya plastiki imelazwa hadi barabarani. Karibu na tarehe kumi Juni kombaini zinaingia. Nyingi si za hapo. Zinatokea mikoa ya kusini, Henan na kwingineko, zinaifuata ngano inavyoiva kwenda kaskazini, na wenyewe wanalala humohumo kwenye magari yao. Ngano ikitolewa asubuhi, jioni mashine ya kupandia mahindi inapita juu ya mabua yaleyale. Mahindi yanavunwa mwisho wa Septemba hivi, na ngano tena. Wiki ile ya Juni usimtafute mtu kwa maongezi.

Ukisikia hivyo utadhani ni mashamba ya kibepari. Familia ya nyumba niliyopanga ilikuwa na mu nane. Mu kumi na tano ndiyo hekta moja, kwa hiyo hiyo ni ekari moja na robo, kidogo zaidi. Na si kipande kimoja. Makomuni, yaani mashamba ya pamoja, yalipovunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila kaya iligawiwa kwenye udongo mzuri, kwenye udongo mbaya, na karibu na maji, asionewe mtu. Ardhi ni mali ya kijiji, kaya ina mkataba wa kuilima. Huwezi kuiuza. Unaweza kumkodisha jirani.

Piga hesabu na mimi, mjomba. Mu moja ikitoa kilo 450 za ngano, jambo la kawaida kule, mu nane ni kilo 3,600. Mwaka 2024 bei ya chini iliyowekwa na serikali ilikuwa yuan 2.36 kwa kilo. Hiyo ni kama yuan 8,500 kabla hujatoa umeme wa pampu, mbegu, mbolea na kombaini. Sasa takwimu za serikali yao za 2023 zinasema mtu wa kijijini anayefanya kibarua nje ya kilimo alipata wastani wa yuan 4,780 kwa mwezi. Ngano ya miezi minane haifiki mishahara miwili. Kijana gani atabaki? Ndiyo maana mpwa wako atakuwa jirani na mabibi, mababu na watoto wa shule ya msingi. Wazazi wa hao watoto wako Tianjin, Beijing, Handan, wanarudi sikukuu ya mwaka mpya na magari yanajaa vichochoro kwa wiki mbili, halafu kimya.

Kwa hiyo ndugu wa Guangzhou, vijiji vipo. Ila kweli viwanda navyo vipo mlemle. Mjini Quzhou kuna kampuni ya Chenguang inayokamua rangi nyekundu ya pilipili na ya njano ya maua kwa ajili ya vyakula, moja ya kubwa duniani kwa kazi hiyo, na inalima hadi Zambia.

Mjomba wa Kimamba
Marahaba binti yangu, Mungu akubariki. Nimemsomea dada kwa simu. Hapo kwenye ekari moja na robo amecheka, anasema yeye peke yake ana tatu. Lakini chakula hujagusia, na ndilo linalomkosesha usingizi.

Robo Ekari Vihiga
Habari zenu. Mimi niko Vihiga, Kenya. Kwetu robo ekari ndiyo shamba la watu wengi, hiyo mu nane mimi naona huyo ni tajiri. Nina swali kwa dada. Hiyo ngano na mahindi ni magunia ngapi kwa ekari, na wanaweka mbolea kiasi gani? Sisi ukiweka mfuko mmoja wa DAP wakati wa kupanda na nusu ya CAN baadaye, majirani wanasema umepata pesa ya mwanao kutoka Nairobi.

Binti Mgeta
Mjomba, chakula nakuja, nianze na wa Vihiga maana ameuliza penyewe.

Ngano ile niliyosema ni kama magunia 30 ya kilo 90 kwa ekari. Mahindi hupita hapo kidogo. Mbolea sasa. Mwaka 2009 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioweka kwenu na kwao pamoja, Kenya magharibi na tambarare ya China kaskazini. Kenya magharibi shamba lilipata kilo 7 za nitrojeni kwa hekta kwa mwaka. China kilo 588. Kwenu shamba lilikuwa linatoa zaidi ya linachopewa, linafilisika kwa kilo 50 hivi kila mwaka. Kwao zaidi ya kilo 200 zilibaki hazina kazi, zinateremka kwenye maji ya visimani na nyingine zinapanda hewani. Kwa hiyo usimwonee wivu sana. Mbolea ilikuwa rahisi, mkulima ni mzee, kijana yuko Tianjin hana muda wa kurudi kuweka kidogo kidogo, basi anamwaga yote mara moja na kuondoka.

Hapo ndipo programu ya mpwa wa mjomba ilipotokea. Mwaka 2009 Profesa Zhang Fusuo na wenzake waliwatoa wanafunzi chuoni wakawaweka kijijini, kijiji cha kwanza kikiwa Baizhai. Unapanga nyumba ya mwanakijiji, unapika humo, mlango wa uani uko wazi, mtu anaingia na jani la ngano lenye madoa saa moja asubuhi anakuuliza. Jina la programu kwa Kiswahili naweza kusema Uga wa Sayansi na Teknolojia. Wala hawakuleta miujiza. Walisema msiharakishe kupanda ngano, punguzeni mbegu, limeni chini zaidi, na mbolea ya kukuzia isubiri mpaka shina lianze kutoa pingili. Ripoti yao ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2016: kwa miaka mitano wakulima vinara walitoka asilimia 67.9 ya mavuno yanayowezekana wakafika 97. Wilaya nzima ilitoka 62.8 ikafika 79.6. Mimi hizo namba mbili za mwisho ndizo ninazozipenda. Vinara hata kwetu wapo.

Waafrika wameanza kupelekwa tangu 2019. Tulikuwa wa nchi nyingi, na kazi ya kwanza tuliyopewa ni kuhesabu mashina ya ngano kwa mita, mgongo ukiuma, mabibi wakitucheka.

Chakula sasa. Asubuhi uji wa mtama mdogo wa njano na mkate wa mvuke usio na chumvi wala sukari. Mchana tambi, na kitunguu saumu kibichi kinatafunwa pembeni kama sisi tunavyotafuna pilipili. Nguruwe yupo kwenye vyungu vingi, na mafuta yake pia hutumika, kwa hiyo kijijini ajipikie: mayai, tofu ya maharage ya soya, kabichi, biringanya, nyanya, vyote vipo gulioni. Gulio ni kila siku ya tano kwa kalenda yao ya mwezi. Mji wa wilaya atapata mikahawa ya Waislamu wa Kihui, ile ya tambi za Lanzhou. Ajifunze kuyatambua maandishi ya qingzhen, yaani halali, mlangoni.

Ugali atapata, ila asitegemee sifa. Mahindi yao ni ya njano na mengi yanaliwa na kuku na nguruwe. Nilinunua unga nikasonga, bibi mwenye nyumba akasimama mlangoni akauliza kama fedha za chuo zimechelewa. Kwa umri wake unga wa mahindi ni chakula cha miaka ya shida, walikuwa wanakula vimikate vyake miezi na miezi. Kesho yake akaniletea mikate ya ngano kumi imefungwa kwenye kitambaa, na kila gulio akawa ananikagua sufuria.

Fundi Mfereji
Dada Binti, mimi ni wa skimu ya umwagiliaji huku uwanda wa chini wa Moshi. Sehemu ya mashamba yetu imeota magadi, juu peupe, mpunga unaungua. Niliwahi kusikia semina moja kwamba wilaya hiyo ilikuwa ya chumvi wakaisafisha. Ni kweli au ni maneno ya semina?

Binti Mgeta
Ni kweli, na ungeniuliza nikuchagulie jambo moja la Quzhou ningekuchagulia hilo.

Sehemu ya kaskazini ya wilaya ilikuwa haifai. Maji ya chini yalikuwa karibu sana na uso wa ardhi na yana chumvi. Mvua za Julai zinayapandisha, shamba linakuwa bwawa. Halafu unakuja ukame wa masika yao, Machi na Aprili, upepo mkavu unayavuta maji juu kupitia vitundu vya udongo, maji yanaruka, chumvi inabaki. Wazee wana msemo wao: masika peupe, kiangazi maji matupu, kila mwaka tunapanda na nafaka hatuioni. Watu walikuwa wanakwangua udongo, wanauchuja kwa maji, wanachemsha wapate chumvi ya kuuza. Hilo ndilo lilikuwa zao lao.

Mwaka 1973 walimu wa chuo, wakiwemo Shi Yuanchun na Xin Dehui, walikwenda kukaa kijiji cha Zhangzhuang, kile kilichokuwa kibaya kuliko vyote. Fundi, hawakuanza na dawa. Walianza kupima maji yako mita ngapi chini, mwezi kwa mwezi. Kisha wakachimba visima vifupi kuyavuta yale maji ya chumvi ili kina chake kishuke, wakachimba mitaro mirefu ya kuyatoa nje ya eneo, wakasawazisha mashamba, wakaziba kingo, wakaacha mvua na maji matamu ya visima virefu yaioshe chumvi kwenda chini. Juu yake samadi, na miti kando ya mitaro. Yote kwa pamoja. Nyie Moshi nikikumbuka mnaleta maji kwa mfereji mzuri sana, swali langu ni mtaro wa kuyatoa uko wapi? Mahali pengi nilipopita mtaro wa kutoa ndio unaozibwa kwanza, mtu anapanda nyanya ndani yake.

Na kuna upande wa pili ambao semina hawausemi. Visima vilisaidia mno hata vikapitiliza. Miaka ya baadaye kila kijiji kilichimba, kina kikashuka na kushuka, na Hebei sasa ni moja ya sehemu ambazo maji ya ardhini yamezama vibaya kuliko kwingi duniani. Chumvi haipandi tena kwa sababu maji hayafiki huko juu. Tangu 2014 serikali imekuwa ikiwalipa wakulima katika sehemu za Hebei yuan 500 kwa mu wasipande ngano ya baridi, wangojee mahindi ya mvua tu. Mwisho wa mwaka huohuo ndipo mfereji mkubwa wa kuleta maji kutoka kusini ulipofunguliwa, unapita jimboni humo kwenda Beijing. Babu mwenye nyumba yangu aliwahi kuchimba mitaro ya kutoa maji akiwa kijana, na uzeeni anapanga foleni ya pampu. Nilimuuliza ipi ni shida kubwa zaidi. Akasema shida ile ya chumvi waliikabili wakiwa wengi.

Mzigo wa Guangzhou
Nakubali nimeshindwa kwa hoja, vijiji vipo. Lakini dada, hao wazee wakiondoka nani atalima?

Binti Mgeta
Tayari inaonekana, mkuu. Wanaobaki wanakodi mu za majirani, wanafika mia na zaidi, au chama cha ushirika kinachukua shamba lako kinalima, kinavuna, kinakuletea hesabu wewe uko Tianjin. Kazi nyingi ya shamba siku hizi ni ya kukodi: mwenye trekta, mwenye ndege ndogo ya kupulizia dawa, mwenye kombaini. Bibi anabaki kufungua na kufunga maji. Binafsi nadhani ule ukulima wa mu nane unakwisha na kizazi hicho, na sioni mtu kule anayeulilia isipokuwa sisi wanafunzi.

Mjomba wa Kimamba
Binti, dada ametulia kwa kweli. Amebaki na mambo mawili: baridi, na kama amfungie dagaa na nyama kavu. Tena anataka kumpa mbegu zetu za mahindi akawaonyeshe.

Binti Mgeta
Nyama na mbegu asibebe, mjomba, na dagaa aulize kwanza. Forodha ya China inakataza nyama na mbegu na watamtolea uwanjani, na mbegu zinaweza kumletea maswali marefu. Viungo vya pilau vilivyosagwa na kufungwa dukani ndivyo nilivyopita navyo mimi, na majani ya chai.

Baridi ipo. Januari usiku inashuka kama nyuzi kumi chini ya sifuri, na ni baridi kavu, midomo inapasuka. Majiko ya makaa ya mawe yaliondolewa kwa nguvu kuanzia 2017 kwa sababu ya moshi, vijiji vikawekewa gesi au umeme, lakini gesi ni ghali na mabibi wengi wanaizima mchana wakakaa juani. Koti asinunue Dar, atapata zuri zaidi na la bei nafuu gulioni Quzhou. Abebe nguo za ndani za kubana za kuanzia, mafuta ya mgando kopo kubwa, na viatu vinavyoweza kuingia tope, kwa sababu Julai atavihitaji. Kiangazi nako joto linapita 35, hilo mtu wa Kimamba halitamsumbua.

Makaburi atayaona katikati ya ngano, vilima vidogo vya udongo, trekta inayazunguka. Asikanyage, na mwanzoni mwa Aprili watu wakija kuyafagia asipige picha bila kuomba. Spika ya kijiji ikianza kupiga kelele saa kumi na mbili asubuhi asishtuke, mara nyingi ni zamu ya maji au mbuzi wa mtu amepotea.

Akishapata tarehe mwambie aniandikie kwenye ujumbe wa ndani, nimuunganishe na waliopo huko sasa.